Naitrojeni Isitorokee Angani: Mwongozo kwa Mfugaji wa Ng'ombe wa Maziwa Pembezoni mwa Dar es Salaam

Mwongozo huu nauandika kwa mfugaji mwenye ng'ombe wachache wa maziwa na kipande cha malisho pembezoni mwa jiji: Kimbiji, Pemba Mnazi, Msongola, Chanika, Mabwepande, au yule aliyesukumwa na bei ya viwanja hadi Mkuranga na Kibaha. Tunachoshughulikia hapa hakionekani wala hakinuki. Ni gesi iitwayo naitrasi oksaidi. Inatoka udongoni pale ng'ombe alipokojoa, pale samadi ilipolundikwa ikaloa, na pale mbolea ya urea ilipomwagwa siku moja kabla ya mvua kubwa.

Kilo moja ya gesi hii inapasha dunia joto mara 273 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa, ukihesabu kwa miaka 100. Ikishapanda inakaa huko juu zaidi ya karne, na juu kabisa inakula tabaka la ozoni. Kabla ya enzi ya viwanda hewa ilikuwa na sehemu 270 hivi za gesi hii katika kila sehemu bilioni. Leo zimepita 335, na ongezeko hilo limetokana zaidi na kilimo na mifugo.

Mfugaji wa Chanika ana sababu nyingine ya kuijali. Gesi hii imeundwa kwa naitrojeni, na naitrojeni hiyo aliinunua kwa fedha taslimu. Iliingia shambani ndani ya kiroba cha mashudu au mfuko wa urea. Kila kinachotorokea angani kilitakiwa kuwa majani, na majani yale yawe maziwa.

Inavyotengenezwa ni hivi. Mkojo wa ng'ombe umejaa urea. Ukimwagika ardhini, ndani ya siku moja au mbili urea hiyo inageuka kuwa amonia. Bakteria wa udongo wanaigeuza amonia kuwa naitreti, na hata katika hatua hii gesi kidogo huponyoka. Udongo ukijaa maji na hewa ikakosekana, kundi jingine la bakteria linaanza kuitumia naitreti mahali pa oksijeni, na hapo ndipo naitrasi oksaidi inapotoka kwa wingi. Kwa hiyo gesi inahitaji naitrojeni iliyozidi mahitaji ya majani, maji yaliyotuama, joto, na mabaki ya mimea au kinyesi vya kuwalisha bakteria. Joto la Dar es Salaam hatuwezi kulipunguza. Tunavyoweza kuvishika ni naitrojeni na maji, na karibu hatua zote zilizo hapa chini zinahusu hayo mawili.

Hatua ya kwanza: tafuta mahali inapotokea

Usilichukulie shamba zima kuwa tatizo. Vipimo vilivyofanywa kwenye malisho ya Kenya vimeonyesha kwamba mkojo na kinyesi vilivyotua kwenye ardhi kavu ya Afrika Mashariki hutoa gesi kidogo sana, chini kabisa ya ile asilimia 2 ya naitrojeni ya mkojo na kinyesi ambayo hesabu za kimataifa zilikuwa zikichukulia kwamba inageuka gesi hii. Mwaka 2019 hesabu hizo zilirekebishwa: kwa ng'ombe walioko malishoni sasa ni asilimia 0.6 kwenye maeneo yenye unyevu na 0.2 kwenye maeneo makavu. Katika nchi za joto, eneo linahesabiwa kuwa na unyevu mvua ikipita milimita 1,000 kwa mwaka. Dar es Salaam hupata takriban 1,100, kwa hiyo tumevuka mstari, ila kwa kidogo. Maana yake ni kwamba kwetu tofauti kati ya sehemu na sehemu ndani ya shamba moja ni kubwa kuliko unavyodhani. Mgongo wa mchanga pale Kimbiji unaweza usitoe kitu cha kukuhangaisha, wakati bonde la udongo mweusi lililo mita 80 tu chini yake linachemka.

Chukua daftari, zunguka shamba siku mbili baada ya mvua nzito, na chora. Weka alama kwenye sehemu hizi: maji yanaposimama zaidi ya siku moja, ng'ombe wanapojikusanya mchana kukwepa jua, lilipo birika la maji, njia wanayopita kila siku kwenda kukamuliwa, lilipo lundo la samadi na maji yake yanakoelekea.

Halafu fanya jaribio la kisigino. Simama, weka uzito wote kwenye kisigino kimoja, zunguka nusu duara. Maji yakijitokeza kwenye shimo ulilofanya, udongo umekosa hewa na ng'ombe hana kazi hapo leo. Pale usipokuwa na uhakika, chimba kwa jembe kina cha kiganja. Udongo wenye rangi ya kijivu uliochanganyika na madoa ya kutu unakwambia kwamba maji hukaa hapo mara kwa mara, hata kama leo pamekauka.

Angalia pia madoa ya mkojo yenyewe. Ukiinama asubuhi utayaona: duara la majani yaliyokoza kijani, marefu kuliko wenzao, wakati mwingine katikati yameungua. Ng'ombe hukojoa mara kumi au zaidi kwa siku, lita mbili hivi kila mara, na mkojo huo hutua kwenye eneo la theluthi moja ya mita ya mraba. Ukiwa na gramu 8 za naitrojeni kwa kila lita, doa hilo limepokea kiwango sawa na kilo 480 kwa hekta, yaani kama umemwaga mifuko minane ya urea kwenye ekari moja kwa mkupuo. Hakuna majani yanayoweza kula chakula hicho chote kabla mvua haijafika. Madoa yakijazana sehemu moja, pazungushie mstari mwekundu kwenye ramani yako.

Hatua ya pili: pima protini horini

Hapa ndipo penye faida ya haraka, na ndipo wafugaji wengi wa mjini wanapovujisha. Tumezoea kusikia kwamba mashudu yanaleta maziwa, basi tukipata fedha tunaongeza mashudu. Lakini ng'ombe hatunzi protini iliyozidi. Anaivunja, na naitrojeni yake inatoka karibu yote kwenye mkojo, ambako ndiko kwenye hatari kubwa kuliko kinyesi.

Tufanye hesabu ya ng'ombe chotara wa kilo 400. Anakula kilo 12 hivi za chakula kikavu kwa siku, yaani uzito wa chakula ukitoa maji yote. Kama chakula hicho kina protini asilimia 16, ameingiza kilo 1.92 za protini. Gawa kwa 6.25 upate naitrojeni: gramu 307. Akitoa lita 10 za maziwa, naitrojeni iliyoondoka na maziwa ni gramu 50 tu. Zinabaki gramu 257 zinazodondoka ardhini au bandani kila siku. Kwa mwaka ni kilo 94, sawa na naitrojeni iliyomo kwenye mifuko minne ya urea ya kilo 50.

Mpe ng'ombe huyo huyo chakula chenye protini asilimia 13, ambayo kwa lita 10 inamtosha kama nguvu ipo ya kutosha kwenye hori. Atatoa nje gramu 200. Kwa mwaka umeokoa kilo 21 za naitrojeni kwa kichwa kimoja, karibu mfuko mzima wa urea, na hujapunguza maziwa.

Jirani yangu mmoja, mama anayefuga Chanika, aliposikia hesabu hii aliniuliza, "Sasa mwanangu, nisimpe mashudu kabisa?" Nikamwambia, "Mpe mama, ila yafuate majani unayompa siku hiyo." Hilo ndilo jibu. Mabingobingo machanga yaliyokatwa wakati wa masika yanaweza kuwa na protini asilimia 10 hadi 14. Yakikomaa hadi kimo cha mtu hushuka hadi 5 au 7. Majani ya lusina, mti wa malisho, yana asilimia 22 na kuendelea. Machicha ya bia, ukitoa maji, yako kati ya 20 na 28. Mashudu ya alizeti yanabadilika sana kutegemea maganda yaliyobaki, mara nyingi kati ya 20 na 30. Pumba za mahindi ziko karibu na 10 au 12 na zina nguvu nyingi.

Kwa hiyo, masika majani yakiwa machanga, punguza mashudu na machicha, ongeza pumba za mahindi na molasi. Kiangazi cha Julai hadi Septemba majani yakiwa makavu na magumu, rudisha mashudu. Anayelisha kiwango kile kile Januari hadi Desemba, kuna miezi anayomnyima ng'ombe na kuna miezi anayomwaga fedha. Pumba na mashudu ziliwe pamoja, wakati mmoja. Bakteria wa tumboni wanahitaji nguvu saa ile ile wanapopata protini, la sivyo amonia inawazidi na kuishia kwenye mkojo.

Utajuaje umezidisha bila maabara? Ingia bandani alfajiri kabla hujafagia. Amonia ikikuchoma macho, na kinyesi kikiwa chepesi kinachosambaa badala ya kukaa mkusanyiko, protini imezidi. Ukipata nafasi ya kupimiwa urea iliyomo kwenye maziwa, lenga miligramu 10 hadi 14 za naitrojeni ya urea kwa desilita. Ikizidi 16, rudi kwenye hori.

Tahadhari moja: ng'ombe anayetoa lita 18 au 20 anahitaji protini zaidi ya huyu wa lita 10. Usimkate kwa kufuata hesabu ya mwenzake. Kaa na afisa mifugo wa kata mpange mgao wa kila ng'ombe kwa kadiri ya maziwa yake.

Hatua ya tatu: masika, mwondoe kwenye maji

Mvua za Machi hadi Mei, hasa Aprili, ndizo msimu wa gesi. Ardhi ina joto, imejaa maji, na ng'ombe mzito akitembea juu yake kwato zinaugandamiza udongo, hewa inafukuzwa, na bakteria wasiohitaji oksijeni wanapata makazi mapya. Sehemu iliyokanyagwa ikiwa matope inaendelea kutoa gesi zaidi hata mvua ikipungua, kwa sababu ile mianya ya hewa hairudi yenyewe.

Gawa malisho yako katika vitalu viwili angalau: cha juu na cha bondeni. Bondeni palishwe kiangazi, juu palishwe masika. Kwa mwenye ekari moja au mbili ambaye hana kitalu cha juu, tumia saa. Mpeleke ng'ombe malishoni asubuhi kwa saa tatu au nne, akishashiba mrudishe bandani akacheue huko. Anakula karibu kiasi kile kile, lakini sehemu kubwa ya mkojo wa siku inaangukia kwenye sakafu ambapo unaweza kuukusanya. Siku ambayo jaribio la kisigino limetoa maji kila mahali, kata majani umletee ndani.

Birika la maji lihamishe. Pipa lililokatwa nusu linahamishika kirahisi, wala hakuna sababu likae chini ya mwembe ule ule kwa miaka. Kivuli nacho ni hivyo hivyo, ingawa hapa nawaomba msikosee kwa upande wa pili: ng'ombe chotara kwenye jua la Dar es Salaam la saa saba mchana anateseka, anaacha kula, na maziwa yanashuka. Kivuli lazima kiwepo. Kinachotakiwa ni kisiwe kimoja. Kama una mkorosho juu na mwembe bondeni, zungushia uzio ule wa bondeni miezi ya mvua. Kama huna mti, kibanda cha nguzo nne na makuti kinatosha ng'ombe wawili, na vijana wawili wanakibeba kukihamisha kila baada ya wiki mbili.

Anayefunga ng'ombe kwa kamba ahamishe kigingi kila siku, na asifunge kwenye ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji ziachwe. Mabonde ya Msimbazi, Mzinga na mengineyo ndiyo yenye majani mazuri kiangazi, najua, lakini kata majani sehemu inayoruhusiwa na uyabebe. Mkojo na samadi vikisombwa mtoni, naitreti inakwenda kugeuka gesi huko mbele.

Kwa wenye udongo wa mchanga, kama sehemu kubwa ya Kigamboni, hatari hubadilika sura. Maji hayatuami, ila naitreti inazama upesi. Kisima kifupi kilicho chini ya banda au chini ya sehemu inayokusanya ng'ombe kinaweza kubeba naitreti zaidi ya kiwango cha miligramu 50 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limeweka kwa maji ya kunywa, na wanaoathirika zaidi ni watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo. Banda lisiwe upande wa juu wa kisima. Hili naliweka pamoja na mambo ya gesi kwa sababu chanzo ni kimoja.

Hatua ya nne: zizi na lundo la samadi

Umemrudisha ng'ombe bandani, basi naitrojeni umeihamishia huko. Usipoishika hapa, hatua iliyotangulia haikusaidia kitu.

Mwaka 2020 watafiti waliopima maboma ya wafugaji nchini Kenya walichapisha matokeo yao: samadi iliyorundikana kwenye boma hutoa naitrasi oksaidi kwa wingi, na boma likishaachwa, udongo wake unaendelea kuitoa kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo zizi la zamani lililojaa samadi nyuma ya nyumba halijalala. Lichimbe, peleka samadi shambani, na panda mabingobingo au migomba pale pale, yafyonze kilichobaki.

Zizi linalotumika lifanye hivi. Sakafu iwe ya saruji au mawe yaliyoshindiliwa, yenye mteremko mdogo wa sentimita mbili au tatu kwa kila mita, kuelekea mfereji unaoishia kwenye shimo lililosakafiwa na kufunikwa. Mkojo ukitenganishwa na kinyesi mapema, amonia inapungua, kwa maana kinyesi ndicho chenye kimeng'enya kinachovunja urea ya mkojo. Fagia mara mbili kwa siku. Mkojo wa shimoni uchanganye na maji mara tatu hadi tano ya ujazo wake, umwagilie mabingobingo jioni, mstari kwa mstari, usiumwage wote mahali pamoja.

Pa kulalia weka kitu kikavu chenye kaboni nyingi: pumba za mpunga, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, au maranda. Maranda ya mbao utayapata kwa mafundi seremala, na Keko peke yake inazalisha viroba kwa viroba kila siku. Kaboni hiyo inawafanya bakteria waishike naitrojeni mwilini mwao. Uliza kwanza kama mbao zilikuwa na dawa. Za dawa usizipokee.

Lundo liwekwe chini ya paa, au lifunikwe kwa turubai lenye mawe pembeni, kwenye kiinuko kidogo, na mfereji wa kuyapitisha maji ya mvua kando. Lundo baya kuliko yote ni lile linaloloa, likakauka juu, likaloa tena: nje kuna hewa ya kutengeneza naitreti, ndani hakuna hewa, na gesi inatoka kama kwenye kiwanda. Usiligeuzegeuze kila siku mbili ukidhani unalisaidia, maana kila ukiligeuza unafungulia amonia na kuwaingizia bakteria wa nje hewa mpya. Na lisikae miezi. Unayemuuzia mkulima wa mboga, uza kila wiki.

Mwenye ng'ombe wawili au zaidi na maji ya uhakika afikirie biogesi. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kinachoshughulika na zana za kilimo na teknolojia za vijijini, kimekuwa kikieneza mitambo hii nchini kwa miongo, na mafundi wapo. Mtambo unakamata methani, gesi nyingine inayopasha dunia joto, ukapikia, lakini tope linalotoka bado lina naitrojeni yote, tena iliyo tayari zaidi kutumiwa na mimea. Tope hilo ulitumie kama unavyotumia urea, kwa kipimo na kwa wakati. Ukiliacha lifurike kwenye shimo wazi umetatua gesi moja ukaiachia nyingine.

Hatua ya tano: urea kwa vipimo vidogo

Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Usimwage mfuko mzima kwa ekari kwa mara moja. Tumia nusu mfuko, halafu nusu nyingine baada ya kukata au kulisha tena. Subiri siku tano hadi saba baada ya ng'ombe kutoka kwenye kitalu, majani yaanze kuchipua yaweze kuila. Ruka madoa yaliyokoza kijani, maana pale mkojo umeshatia mbolea kupita kiasi. Anayetembea na ndoo atayaona, basi mkono usimame anapoyafikia.

Mvua unayoitaka ni ya milimita tano hadi kumi, ya kuilowesha na kuizamisha, si ile inayofurika barabara ya Morogoro. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitaja mvua kubwa ndani ya siku tatu au nne, mfuko ubaki stoo. Aprili yote kwa kawaida uache. Nyakati nzuri ni mwishoni mwa Mei na Juni, mvua ikiwa inaaga na udongo bado una unyevu, na Novemba kwenye vuli. Samadi nayo ifuate kalenda hiyo hiyo, na siku unayomwaga samadi usimwage urea. Zikikutana, bakteria wanapata naitreti na kaboni kwa pamoja.

Hatua ya sita: tindikali

Hii ni fupi. Bakteria wanaoigeuza naitrasi oksaidi kuwa naitrojeni ya kawaida isiyo na madhara hushindwa kazi udongo ukiwa na tindikali kali. Pima udongo kwanza. Kituo cha Mlingano, Tanga, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI), ndicho cha utafiti wa udongo, na afisa kilimo wa kata anaweza kukuelekeza namna ya kuchukua sampuli. pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho kikishuka tindikali inapanda, ikiwa chini ya 5.5, weka chokaa ya kilimo kwa kiwango watakachokupa. Usiweke kwa kubahatisha: ardhi yetu ya ukanda wa matumbawe karibu na bahari tayari ina chokaa, na ukiongeza, urea itakugeukia amonia kwa kasi zaidi.

Hatua ya saba: badilisha majani yenyewe

Baadhi ya majani yana silaha yake. Nyasi za Brachiaria aina ya humidicola hutoa kwenye mizizi kemikali inayowazuia bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti. Mwaka 2009 wanasayansi waliitambua mojawapo wakaiita brakialaktoni. Brachiaria asili yake ni Afrika hii hii. Ilipelekwa Amerika Kusini ikafunika mamilioni ya hekta, sasa inarudi kwetu kwenye pakiti za mbegu. Inastahimili kukanyagwa na udongo wenye maji, kwa hiyo ianze kupandwa kwenye kile kitalu cha bondeni ulichokizungushia mstari mwekundu. Aina nyingine za Brachiaria zinazouzwa zaidi hazina nguvu sawa katika jambo hili, basi uliza jina kamili kabla ya kulipa. Taasisi ya Utafiti wa Mifugo (TALIRI) wana kituo Tanga kinachoshughulika na malisho, na ndiko ningeanzia kutafuta vipandikizi.

Kwenye kitalu cha juu changanya mikunde: fiwi, desmodiamu, sentro. Mikunde inajitengenezea naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo unapunguza urea unayonunua. Isizidi theluthi moja ya malisho, la sivyo protini inazidi tena na unarudi kwenye tatizo la horini. Lusina na gliricidia zipande kwenye mpaka, uzikate kwa kipimo kiangazi.

Kuhusu dawa za kuzuia wale bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti, utakutana na watu watakaokuuzia. Nyuzilandi walikwenda mbali zaidi yetu katika hilo, wakimwagia malisho kemikali iitwayo DCD ili kupunguza gesi na naitreti. Mabaki yake yakaonekana kwenye maziwa, na mapema mwaka 2013 uuzaji wake ukasimamishwa kule. Kiasi kilichokutwa kilikuwa kidogo, lakini soko la maziwa halisamehe. Mfugaji anayeuza maziwa Dar es Salaam kwa wateja wa mlangoni asiweke shambani kitu ambacho hawezi kumweleza mteja wake. Majani yenye mizizi ya namna ile yanakupa sehemu ya faida hiyo bila chupa.

Hatua ya nane: andika

Gesi hutaweza kuipima. Watafiti hutumia kisanduku kinachofunika udongo, wakavuta hewa yake kwa sirinji kila baada ya dakika kumi hivi na kuipeleka maabara. Wewe pima naitrojeni inayoingia na inayotoka, inatosha.

Weka daftari moja la safu nne: kilo za mashudu, machicha na pumba zilizoingia kwa wiki, mifuko ya urea, lita za maziwa zilizouzwa, viroba vya samadi vilivyotoka shambani. Mwisho wa mwezi badilisha kuwa naitrojeni. Kwa chakula, kilo mara asilimia ya protini, gawa kwa 6.25, na kwa machicha mabichi ondoa kwanza maji, ambayo ni robo tatu ya uzito au zaidi. Kwa urea, kila mfuko 23. Kwa maziwa, gramu 5 kwa lita. Kwa samadi, muulize afisa kilimo wa kata akukadirie naitrojeni ya kiroba kimoja. Toa maziwa na samadi iliyouzwa kwenye jumla ya vilivyoingia. Nambari inayobaki ndiyo iliyosalia shambani kwako ikisubiri kuwa majani au gesi.

Ukitaka kuona uzito wake, chukua zile kilo 94 za ng'ombe mmoja kwa mwaka. Kwa asilimia 0.6, zote zikitua malishoni, zinakuwa karibu kilo 0.9 za naitrasi oksaidi, ambazo joto lake ni sawa na kilo 240 hivi za hewa ya ukaa. Fanya hesabu hiyo mara moja sasa, kabla hujabadilisha chochote, na urudie baada ya masika ijayo kwa ng'ombe wale wale. Lita zikiwa pale pale na nambari iliyobaki imeshuka, mgao wako wa horini umekaa sawa, na unaweza kuanza kutafuta vipandikizi vya bondeni. Nambari isiposhuka, rudi kwenye hatua ya pili kabla ya kutumia shilingi nyingine.